Mshika Mawili

Mama alisema mshika mawili, moja humponyoka.
Alisema akipanga viazi mafungu pale Soweto,
udongo wa Uporoto umempanda hadi kwenye viwiko,
na mimi mbele yake na karatasi ya chuo:
Uanagenzi, miaka miwili,
siku nne karakana, siku moja darasani.
"Sasa wewe ni mfanyakazi au ni mwanafunzi?"
Mteja akauliza bei ya debe. Nikaponea hapo.

Karakana iko Iyunga, nyuma ya reli.
Bati limetoboka, na pale lilipotoboka
mlima Loleza unachungulia.
Juni, saa moja asubuhi, chuma kinauma
kama mbwa asiyekujua.
Fundi Anangisye huota moto kwenye injini ya lori
lililolala kwetu likielekea Tunduma,
kisha anasema, "Sekela, washa mashine."
Salamu yake ndiyo hiyo.

Miezi mitatu nilifagia maganda ya chuma,
yale yanayojiviringa kama nywele za mtoto
na kukata kama wembe.
Mwezi wa nne akaniachia shafti
ya kinu cha kukobolea kahawa, kutoka Mbozi.
Nikakereza. Nikapima kwa venia: arobaini kamili.
Nilitabasamu mpaka meno yakaingia baridi.
Fundi akaweka kidole gumba.
"Bado ina moto. Ngoja."
Tukanywa chai. Tulipopima tena
ilikuwa imesinyaa sehemu tatu za mia za milimita;
beringi ingecheza juu yake
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nilikuwa nimeharibu mali ya watu.
Mshahara wangu hakuukata.
Alikata kipande kingine cha chuma.

Ijumaa, mwalimu Mligo aliandika ubaoni
*mtanuko wa metali*,
na chini yake fomula yenye herufi ya Kigiriki
inayofanana na samaki.
Darasa zima likanakili. Mimi nilicheka peke yangu:
samaki huyu namjua,
ana ladha ya chai ya tangawizi.

Jumatatu nikampelekea Fundi jina lake.
"Mtanuko," akarudia, akilipima mdomoni.
"Hee. Miaka thelathini na moja
tumekaa nyumba moja bila kujuana majina."

Mwisho wa mwezi simu ililia ujumbe.
Si nyingi. Lakini hata Ijumaa zimo,
nusu nusu, siku za kushika kalamu.
Nilinunua mabuti,
na mfuko mmoja wa mbolea nikaupeleka nyumbani.
Mama aliusoma mfuko ule
kwa makini kuliko alivyosoma karatasi yangu.

Nikamweleza: mama, shafti ndefu
ukiishika upande mmoja tu hutetemeka,
hukwaruza, huvunja kisu.
Unaibana kwa taya huku,
unaisogezea ncha kule,
ndipo inazunguka imenyooka.
Ikishikwa pawili haiponyoki.
Akanitazama muda mrefu.
"Chuma hakisikii baridi," akasema. "Vaa sweta."

Kitabu changu cha kazi kina safu za msimamizi:
jina, saini, cheti.
Kila juma Fundi anajaza mbili.
Ya tatu huiruka
kama mtu anavyoruka dimbwi asilolijua kina.
Juma hili alikaa nacho,
kalamu mkononi, grisi ikichora ukingo wa ukurasa,
hadi taa za stesheni zikawaka.
Sikuuliza. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia.

Asubuhi safu ilikuwa bado nyeupe,
ila alama ya kidole gumba, nyeusi, katikati.

"Hiyo Ijumaa yenu," akasema bila kunitazama,
"huwa inaanza saa ngapi?"
Saa mbili, nikamwambia.
Akakunja mikono ya ovaroli,
akawasha mashine mwenyewe.